Jinsi ya Kutazama Bustani ya Televisheni na Kujua Kama Itakufaa

Mwezi wa nne ukianza na baridi ikilegea, wateja huanza kunitumia picha walizopiga kwenye skrini ya televisheni. Wengi ni Watanzania na Wakenya walionunua nyumba hivi karibuni. Picha inakuja na ujumbe mmoja: "Dada, nataka kama hii." Mimi natunza bustani za watu hapa Reading, Uingereza, huu mwaka wa kumi na nne, na vipindi vya televisheni vya kubadilisha bustani za watu navipenda sana. Kwetu hakuna anayeruhusiwa kubadilisha chaneli. Lakini bustani ya kwenye kipindi unaonyeshwa siku inapozaliwa, na wewe unataka kuishi nayo ikiwa na miaka mitatu. Basi nitaeleza ninavyotazama, maana ukitazama hivi utajua cha kuchukua na cha kuacha.

Anza na hili: zile dakika za mwisho, mwenye nyumba anapofumbuliwa macho na kulia, zima sauti. Muziki na machozi humfanya mtu asione vitu vilivyo mbele yake. Ukishazima, tazama ardhi. Maji ya mvua yataelekea wapi? Pipa la taka limekaa wapi, na litapita wapi siku ya kutolewa? Mama mkwe wangu, aliyekuja kuishi nasi kutoka Tanga, huwa na swali moja tu kila kipindi kinapokwisha: "Mwanangu, na nguo wataanika wapi?" Mume wangu humwambia bustani ni ya kupumzikia. Mimi niko upande wa mama. Bustani nyingi za televisheni nilizozitazama hazina kamba ya nguo, na familia ya watu sita haiwezi kuishi hivyo.

Watazamaji wa hapa wamekuwa wakibishana juu ya mambo haya tangu enzi za *Ground Force*, kipindi cha BBC kilichoanza 1997 na kwisha 2005. Alan Titchmarsh, Charlie Dimmock na Tommy Walsh waliingia kwenye bustani mwenyewe akiwa safarini, wakaibadilisha kwa siku 2, naye akirudi anakuta mambo mapya. Walifika hata Qunu, Afrika Kusini, wakamtengenezea Nelson Mandela bustani. Wapo wanaolalamika mpaka leo kwamba kipindi kile kiliijaza nchi sakafu za mbao na vijichemchemi vya maji. Lalamiko lina ukweli. Hata hivyo nawaheshimu wale watatu, kwa sababu waliwaonyesha watu wa nyumba za kawaida kwamba kile kipande cha nyuma chenye magugu na baiskeli mbovu kinaweza kuwa mahali pa kukaa. Ninachokataa ni zile siku 2. Kwa siku 2 huwezi kuujua udongo, wala huwezi kulijua jua.

Na jua ndilo linalotupoteza zaidi sisi tuliokulia pwani. Tanga jua liko utosini, uzio haukunyimi kitu. Hapa Reading, adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba, jua linapanda nyuzi 15 tu juu ya upeo. Uzio wa kawaida wa mita 1.8 unatupa kivuli cha karibu mita 6.7. Bustani nyingi za mitaa yetu zina urefu wa mita 10 au 12, kwa hiyo kama uzio uko upande wa kusini, zaidi ya nusu ya bustani haioni jua wiki nyingi. Na kipindi karibu kila mara kimepigwa majira ya joto, miti imejaa majani na watu wamevaa mikono mifupi. Kabla hujaamua pa kuweka baraza, chukua vijiti na uzi. Saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili jioni, chomeka vijiti pale kivuli kinapoishia. Fanya hivyo siku moja ya Machi na siku moja ya Juni. Utashangaa. Mteja wangu mmoja alikuwa tayari kujenga baraza nyuma ya mlango wa jikoni kama alivyoona kwenye kipindi. Vijiti vilimwonyesha kwamba jua la jioni liko mwisho kabisa wa bustani, karibu na banda la vifaa. Tukajenga huko, na ndiko wanakonywa chai.

Sasa sakafu za mbao. Niliitwa kwenye nyumba moja iliyokuwa na sakafu ya miaka mitano, upande wa kaskazini wa nyumba. Juu ilikuwa imeota utando wa kijani, na bibi wa nyumba alikuwa ameshateleza mara mbili. Nikafungua ubao mmoja. Chini yake, fundi aliyeijenga alikuwa amelaza zile mbao za kubebea sakafu moja kwa moja kwenye udongo. Majani ya vuli yalikuwa yamejaa katikati yakawa kama ugali mweusi, hakuna upenyo wa hewa. Nikachukua bisibisi nikaisukuma kwenye mbao ya kubebea, ikazama mpaka mpini bila nguvu. Kulikuwa na kiota cha panya pia. Siku ya kwanza sakafu ile bila shaka ilipendeza kama zile za kwenye televisheni.

Kwa hiyo ukiona sakafu ya mbao kwenye kipindi, subiri waonyeshe chini yake. Wakionyesha, angalia kama mbao za kubebea zimeinuliwa juu ya udongo, na kama kati ya ubao na ubao pameachwa nafasi ya milimita 5 au 6 ya maji na hewa. Wasipoonyesha, muulize fundi wako maneno hayo hayo kabla hujampa malipo ya awali. Upande usiopata jua, weka mawe. Nayo mawe yawe na mteremko wa karibu sentimita 1.5 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje, na uso wake uwe chini ya tabaka la ukuta la kuzuia unyevu kwa sentimita 15. Kazi ikiisha mwage ndoo ya maji mlangoni na mkae wote wawili mtazame yanakokwenda. Fundi mzuri hachukii jambo hilo.

Mimea nayo ina hesabu yake. Kwenye kipindi wanapanda kwa kubananisha, kwa sababu kamera haitaki kuona udongo mtupu. Watunza bustani wa hapa wana msemo kwamba mmea mwaka wa kwanza hulala, wa pili hutambaa, wa tatu huruka. Ukibananisha kama wao, mwaka wa tatu mimea itapigana, na utang'oa nusu ya ulichonunua. Geuza kibandiko cha chungu usome upana wa mmea ukishakua, ndio uwe umbali wako. Pengo litakalobaki usiliogope. Mimi hulijaza kwa giligilani na maua ya msimu mmoja, na mama hupata majani ya kachumbari mpaka Septemba.

Mianzi nitaitaja peke yake maana inaniuma. Inaonekana vizuri sana kwenye skrini, ina sauti nzuri upepo ukivuma, na inamkumbusha mtu nyumbani. Ila muuzaji akikuletea mianzi ya aina ya Phyllostachys bila kukuonya, mizizi yake hutembea chini kwa chini, ikapita chini ya uzio mpaka kwa jirani, halafu uhusiano unaharibika. Omba aina ya Fargesia, inayokaa kwenye shina lake. Wale wanaotamani mgomba wapo pia: Musa basjoo huvumilia baridi ya hapa ukiuvisha majani makavu na gunia, ila ndizi za kula usitegemee.

Nyasi bandia sizipandi, na mteja akizitaka namwelekeza kwa mwingine. Zinachoma miguu siku za joto, na chini yake ndege hapati nyungunyungu. Maonyesho ya bustani ya Chelsea yalizikataza 2022, nami nilifurahi. Kuhusu bustani ya mbele, England tangu 2008 huwezi kufunika zaidi ya mita za mraba 5 kwa sakafu isiyopitisha maji bila kibali, isipokuwa maji yake yaelekezwe kwenye udongo wako mwenyewe. Kidimbwi kiache mpaka watoto wakue.

Kuna kipindi kipya zaidi ninachokipendekeza kwa mtu anayejifunza: *Your Garden Made Perfect* cha BBC Two, kilichoanza 2021. Wabunifu wawili wanashindana, na mwenye nyumba anavaa miwani maalumu akatembea ndani ya bustani ambayo bado haijajengwa, kisha anachagua. Hapo mtazamaji anapewa mipango miwili ya ardhi ile ile, na hakuna zoezi zuri kuliko hilo. Simamisha kipindi kabla mwenye nyumba hajachagua. Kila mtu sebuleni aseme chaguo lake na sababu moja, na sababu isiwe "inapendeza". Mmoja wa wabunifu waliopita humo ni Manoj Malde, aliyezaliwa Kenya, asiyeogopa rangi kali ukutani. Kwetu huwa ugomvi: mama anazishangilia, mume wangu anasema zitachosha. Mimi nasema rangi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kujaribu. Paka ubao mmoja, uegemeze kwenye uzio, uache mpaka Januari. Ukiendelea kuupenda siku ya mvua na kiza cha saa kumi jioni, paka uzio mzima.

Baada ya yote hayo chukua kitu kimoja tu kutoka kwenye kipindi, usichukue bustani nzima. Kichore chini kwa kamba au unga wa chokaa kwa ukubwa wake halisi, uishi nacho wiki moja. Chimba shimo la sentimita 30 pale unapotaka kupanda, lijaze maji, yakikauka lijaze tena. Kama kesho yake maji bado yamesimama, una udongo wa mfinyanzi uliokaza, kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye samadi na matandazo, mimea ije msimu ujao. Sukuma pipa la taka lenye taka zake ndani ya mistari uliyochora, kutoka jikoni hadi barabarani. Likikwama, sogeza mstari. Halafu mwite anayefua nyumbani kwenu asimame katikati akuonyeshe kamba ya nguo ianzie wapi na iishie wapi. Kwetu ilianzia kwenye ukuta wa jikoni, ikaishia kwenye nguzo ya banda, na mama ndiye aliyeshika futikamba.