Diski ya kung fu ya zamani: angalia eneo, kisha dakika

Diski hufungiwa eneo (region), yaani kundi la nchi ambako deki zake zinaweza kuisoma. Blu-ray nyingi za Uingereza ni za eneo B, lilelile la Afrika, kwa hiyo deki ya huku inazisoma. Za Marekani na Hong Kong mara nyingi ni eneo A, na deki itazikataa. DVD zina mgawanyo wake: Afrika Mashariki 5, Uingereza 2, Marekani 1, Hong Kong 3. Tafuta yenye 0, yaani isiyofungiwa eneo, au deki inayosoma maeneo yote.

Halafu soma dakika. Filamu ya dakika 100 huchukua 96 kwenye DVD ya PAL (mfumo wa TV wa Uingereza na Afrika Mashariki), kwa sababu picha 24 za kila sekunde huendeshwa 25. Hapo haijakatwa kitu. Ikipungua zaidi, shuku.

Filamu nyingi za Shaw Brothers, studio ya Hong Kong, za miaka ya 1970 zilipigwa kwa upana wa 2.35:1, yaani upana mara 2.35 ya kimo. Picha ikijaza skrini nzima ya TV, pande zimekatwa na mpiganaji mmoja anarusha teke asipoonekana. Nakala ya hivyo iache hata ikiwa bei chee.

Kwenye strimingi tafuta kwa majina yote: The 36th Chamber of Shaolin (1978) Marekani iliitwa pia Master Killer.