Chozi hapigwi picha kwa kumkimbiza
Kama kijijini kwenu kuna mshubiri uliochanua, usihangaike kumfukuzia chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maji matamu ya maua. Kaa chini hatua nne tano kutoka kwenye maua, jua likiwa mgongoni kwako, umsubiri. Ataruka, lakini hurudi palepale kufyonza. Jua hilo lina maana kuliko kamera yenyewe: kijani kile cha dume kinachometameta hutokana na jinsi unyoya unavyorudisha mwanga, kwa hiyo ukimpiga upande wa kivuli anatoka mweusi kama mkaa. (Nimefuta picha nyingi kabla ya kung'amua hilo.) Kasi ya kamera (muda inaopokea mwanga) weka 1/1000 ya sekunde au ya haraka zaidi, maana hatulii. Kwa simu, gusa kioo penye ua kabla hajatua. Na kuku wafungie kwanza, wasije wakamshtua.