Taya la mtoto limevimba: kuchukua kinyama kitakachoonyesha limfoma

Limfoma, saratani ya seli za kinga ya mwili, si lazima ianzie kwenye mitoki. Ile ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala hupenda taya, na ndiyo maana watoto wengi hupitia kwanza kwa daktari wa meno. Jipu la jino huuma na kwa kawaida lina jino bovu. Limfoma ya Burkitt mara nyingi haiumi, na meno mazima hulegea. Kuyang'oa ni kumtesa mtoto bure. Papasa na tumbo. Uvimbe huu unaweza kukua maradufu ndani ya siku 1 hadi 2, kwa hiyo usisubiri dozi ya pili ya antibiotiki.

Kabla ya kuchukua kinyama (kipande cha uvimbe cha kupimwa maabara), usimpe dawa za steroidi kama prednisoloni wala deksamethasoni, labda uhai wake uwe hatarini. Dawa hizi huua seli za limfoma haraka, na maabara hubaki na nyama iliyooza isiyosomeka.

Kunyonya seli kwa sindano nyembamba ni mwanzo tu. Kata kipande cha kama sentimita 1 kwenye nyama laini iliyo hai, si katikati palipooza. Usikibane kwa koleo, seli hizi husagika upesi. Gusisha upande uliokatwa kwenye slaidi 3, ziache zikauke hewani kwa ajili ya rangi ya Giemsa, na uziweke mbali na fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) kwa sababu mvuke wake huharibu rangi. Kisha tumbukiza kipande katika fomalini ya bafa ya 10%, ujazo mara 10 ya kipande, kwa saa 6 hadi 48. Kikizidi unene wa milimita 5, kikate, la sivyo katikati kitaoza. Kikiwa na mfupa, omba ulainishwe kwa EDTA, kemikali inayoondoa kalsiamu polepole. Asidi kali huharibu vipimo vinavyofuata.

Kwenye fomu andika umri, kasi ya uvimbe, hali ya VVU na dawa alizotumia.

Muonekano wa "anga lenye nyota" chini ya hadubini hautoshi, maana uvimbe mwingine unaokua kasi huwa nao. Dai vipimo vya alama za protini za seli: CD20, CD10, BCL2, TdT na Ki-67 (hii huonyesha kasi ya seli kugawanyika). Burkitt huwa na CD20 na CD10 chanya, TdT hasi, BCL2 hasi au hafifu, na Ki-67 karibu 100%. CD20 ikiwa hasi, ongeza desmini, alama ya misuli: rabdomiosakoma, saratani ya misuli, nayo huvimbisha uso.

Wakati majibu yanasubiriwa, pima potasiamu, asidi ya yuriki na kreatinini. Dawa za saratani zikianza, seli za uvimbe hufa kwa mkupuo na figo huweza kugoma.