Udongo wa Juu Usichanganywe na wa Chini: Kwa Wanafunzi Mnaochimba Mashimo ya Michikichi Kigoma

Baba hupima nafasi, mama hutafuta samadi, na jembe mnakabidhiwa ninyi mkitoka shule. Ndiyo maana ushauri huu nauleta kwenu moja kwa moja. Kosa linalodumaza michikichi mingi hutokea mikononi mwa mchimbaji: udongo wote unatupwa lundo moja, kisha unarudishwa shimoni vile vile ulivyovurugika. Mche unasimama, kila mtu anaona kazi imekwisha. Baada ya miaka miwili mti bado mfupi, majani yamefifia na kuwa ya manjano, na lawama zinapelekwa kwenye mbegu. Tenera, ile mbegu chotara ya mchikichi, ikitunzwa vizuri huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu. Iliyopandwa kwenye udongo mwekundu mtupu inachelewa, na muda huo hakuna mbolea ya dukani inayourudisha.

Nafasi ya mita 9 kwa 9 na palizi mnavijua, naviacha.

Chimbeni shimo moja la majaribio, kisha chongeni ukuta wake kwa panga mpaka unyooke, muutazame. Juu kabisa kuna udongo mweusi au wa kahawia iliyoiva. Ukiumega unavunjika vipande vidogo, na ndani yake kuna vijizizi vyembamba vya nyasi na matundu ya minyoo. Shukeni kidogo, rangi inaanza kubadilika. Chini ya hapo, hasa huku Kasulu na Buhigwe, udongo ni mwekundu, umeshikana, mizizi ni ya kuhesabu. Wekundu huo ni chuma kilichoshika kutu humo kwa miaka mingi ya mvua. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika: udongo mwekundu unapendeza macho, lakini ni mchachu na hauna mboji. Chuma na alumini vilivyomo huishika fosfeti, chakula cha kukuza mizizi, isitoke, na mche mchanga bila fosfeti hautoi mizizi ya kutosha. Uchachu ukizidi, alumini hiyo hiyo huumiza ncha za mizizi, zikawa fupi na nene.

Mchikichi hauna mzizi mkuu unaozama kutafuta chakula mbali. Una mizizi mingi inayotawanyika, na ile inayokula hasa hukaa karibu na uso wa ardhi. Ukiuzungushia udongo wa chini umeunyima chakula pale pale unapokula.

Tafuteni fito iliyonyooka. Rula zenu za shule ni sentimita 30, kwa hiyo pimeni rula mbili, kateni. Hiyo ni sentimita 60, na shimo ni 60 kwa 60 kwa 60. Si "kama mkono hivi". Si mpaka uchoke. Kisha chora alama ya kisu kwenye sentimita 20 kutoka upande mmoja wa fito.

Chimbeni kwanza mpaka alama ya 20, udongo wote uwekwe upande wa juu wa mteremko. Mkikuta wekundu umeanza kwenye 12, acheni hapo hapo. Rangi ndiyo inayoamua, alama ni kikomo tu. Kwenye miteremko iliyolimwa muda mrefu udongo mzuri umekwisha kuchukuliwa na maji, na mtakuta sentimita 10 ndiyo yote. Sentimita zilizobaki zichimbwe na kuwekwa upande wa chini wa mteremko. Pande hizi si za kuchagua mnavyopenda. Mvua ikija, udongo wa juu utakaosombwa utaangukia shimoni, hamjapoteza kitu, na ule mwekundu utakuwa tayari mahali pa kujengea kingo ya kuzuia maji. Mkiweka kinyume, mvua moja inawarudishia mwekundu ndani.

Msichimbe udongo ukiwa umelowa chepechepe. Finyangeni donge: likinata na kupaka kiganja, ngojeni siku mbili tatu. Jembe likipita kwenye mfinyanzi uliolowa hupaka kuta zikang'aa kama chungu kilichosuguliwa, na mizizi ikifika hapo inazunguka ndani ya shimo badala ya kupenya. Hata shimo la udongo mkavu, kabla ya kufukia, kwaruzeni kuta zote nne kwa ncha ya panga.

Halafu maji. Jioni mwageni ndoo mbili za lita 20 kwenye shimo tupu. Rudieni jioni ya pili, kwa sababu udongo uliokauka hunywa sana mara ya kwanza na kuwapa jibu la uongo. Asubuhi inayofuata maji yakiwa bado yametuama, tabaka la chini halipitishi, na mizizi itaoza masika. Hili hutokea kwenye udongo mweusi wa mabondeni, ule unaopasuka kiangazi. Msiongeze kina! Mtakuwa mmechimba birika kubwa zaidi. Hamieni palipoinuka, au pandeni juu ya tuta la kimo cha sentimita 30 hadi 40 na upana wa mita moja na nusu. Kwenye udongo wa kichanga shida ni nyingine: maji yanapotea upesi pamoja na mbolea. Huko ongezeni ndoo moja ya samadi juu ya kipimo nitakachotaja, na matandazo yawe mazito.

Kufukia ndiko kunakoharibu kazi yote, kwa sababu ya hesabu. Shimo hilo lina lita 216. Sentimita 20 za juu ni lita 72 tu, theluthi moja. Mchimbaji akimaliza lundo dogo anaona shimo bado liko wazi, anavuta lile kubwa jekundu na kumaliza. Hapana. Kinachopungua kikwangueni kutoka katikati ya mistari, angalau mita 3 kutoka shimoni ili msiuibie mche wenu wenyewe. Kwangueni juu juu, sentimita 3, kwenye eneo la mita mbili kwa mbili. Zinatoka kama lita 120. Ongezeni ndoo mbili za samadi iliyooza kabisa, isiyo na joto wala harufu kali, na gramu 200 za fosfeti ya Minjingu, ambayo uchachu wa udongo wetu huiyeyusha taratibu. Pimeni mara moja kwenye mizani ya dukani, tieni alama kwenye kopo, mtumie kopo hilo shamba zima. Konzi zenu hazilingani. Changanyeni nje ya shimo, si ndani. Jazeni mpaka kichuguu kiinuke sentimita 15 juu ya ardhi, kwani udongo uliofukuliwa hushuka. Ule mwekundu utumike kwenye kingo ya nusu duara upande wa chini, basi.

Chimbeni Septemba, fukieni katikati ya Oktoba, pandeni mvua zikishika Novemba, na mwisho uwe katikati ya Desemba ili mizizi iwe imeenea kabla ya kiangazi cha Mei. Kufukia na kupanda siku moja ni kosa jingine: udongo hushuka na mche, shingo, yaani pale shina linapokutana na mizizi, inazama, maji yanatuama juu yake. Siku ya kupanda fungueni nafasi inayotosha kiriba tu, vueni kiriba chote, shingo ya mche ilingane na uso wa ardhi. Mkuki mpya, yaani jani changa ambalo bado limejikunja, ukichomoza, mche umeshika.

Mzazi akisema "fukia haraka tuondoke", mwambieni kwa heshima kwamba bwana shamba amesema malundo ni mawili, na mwonyesheni ule ukuta mliouchonga kwa panga.

Mashimo yaliyokwisha kufukiwa kwa mchanganyiko na hayajapandwa, fukueni upya. Palipokwisha kupandwa msing'oe. Tandazeni ndoo mbili za samadi juu ya ardhi kila mwanzo wa mvua, kuanzia sentimita 30 kutoka shinani kwenda nje, mfunike kwa nyasi kavu zisizogusa shina. Msichimbie kwa jembe, mtakata mizizi ya juu, nayo kwenye shimo la namna hiyo ndiyo pekee inayolisha mti.