Taa za baiskeli kwa pesa kidogo: mambo ya kuangalia kabla giza halijakukuta barabarani

Uganda imepitiwa na ikweta, kwa hiyo jua letu halijui kuchelewa. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo hivi jioni, na likishazama, dakika 20 hivi zinatosha giza kutanda. Anayefunga kibanda chake Iganga mjini wakati huo, na bado ana kilomita 10 za kufika nyumbani, atamalizia safari gizani atake asitake. Anayepeleka maziwa kabla ya mapambazuko naye yumo. Basi taa ihesabiwe pamoja na breki, na itafutwe mchana kwa utulivu, maana ile ya kunyakuliwa jioni kwa haraka ndiyo hukufia njiani.

Ukiwa na pesa ya taa moja tu, nunua ya nyuma. Najua wengi watabisha, kwa sababu huanza na ya mbele ili waone mashimo. Lakini shimo unaweza kulipunguzia mwendo, au ukashuka ukakokota. Gari linalokuja mbele yako unaliona kwa taa zake, na unaweza kulipisha mapema. Lori la kontena linalotoka Malaba kuelekea Kampala linakujia mgongoni, na hapo uhai wako umo machoni mwa dereva ambaye pengine hajalala tangu jana. Mwonyeshe kitu chekundu angali mbali.

Sasa jiulize taa hiyo itakaa wapi. Taa nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kufungwa kwenye bomba la kiti, kwa ajili ya mtu asiyebeba kitu. Baiskeli zetu hubeba. Weka gunia la mkaa, mikungu miwili ya matoke au madumu ya maji kwenye keria, na taa yako ya bomba la kiti inawaka bure nyuma ya mzigo. Niliwahi kumsikia fundi mmoja chini ya mwembe akimuuliza kijana aliyeleta taa mpya: "Kaka, hii umeinunulia baiskeli au umelinunulia gunia?" Kisha akakata kipande cha bati chenye upana wa vidole viwili, akakikunja pembe, akakitoboa matundu kwa msumari na kukifunga kwa nati ileile inayoshika mguu wa keria. Taa ikakaa chini ya keria, upande wa kulia, ikitazama nyuma moja kwa moja. Upande wa kulia ni kwa sababu huku tunaendesha kushoto, na magari hukupita kuliani. Hakikisha pia haitazami juu angani wala chini kwenye tairi. Taa ndogo ikiinama hata kidogo, dereva haioni.

Karibu na taa bandika ukanda wa rifleta mwekundu, wa aina ile inayobandikwa nyuma ya malori. Hauli betri na hauungui. Rifleta za manjano kwenye pedeli nazo zina faida yake, kwa kuwa zinapanda na kushuka unapokanyaga, na dereva anatambua papo hapo kwamba mbele yake kuna baiskeli. Ila usizitegemee peke yake. Rifleta haina mwanga wake, husubiri kumulikwa, na barabarani yapo magari yenye taa moja tu inayowaka, nyingine ikitazama migomba.

Kuhusu kumetameta: taa ya nyuma inayometameta huvuta jicho upesi, lakini inayowaka mfululizo humsaidia dereva kukadiria umbali. Mimi huona bora kuwasha mfululizo, na kumetameta kubaki kwa mjini kwenye msongamano wa boda na teksi. Taa ya mbele isimetemete kabisa kwenye njia isiyo na umeme, kwa sababu kila inapozimika shimo nalo linapotea.

Kwenye ununuzi ndipo pesa nyingi hupotea. Ukipita masoko ya Kikuubo au Owino mjini Kampala utaona tochi zilizoandikwa lumeni 10,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) zikiuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Usiziamini. Kwenye njia ya giza, taa ya mbele yenye lumeni 200 hadi 400 za kweli inatosha kwa mwendo wa baiskeli. Betri ni hivyohivyo. Ile ya lithiamu yenye unene wa karibu kidole gumba, inayoitwa 18650, ikiwa nzuri huwa na mAh 2,500 hadi 3,500 hivi (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Ukiona imeandikwa 9,900, jua hapo mchapishaji alijiandikia tu. Ishike mkononi: nzima huwa na uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, na bandia nyingi ni nyepesi mno. Betri ya kweli ya mAh 2,600 inayoendesha taa ya wati 3 itakupa kama saa tatu. Piga hesabu ya safari yako, kwenda na kurudi, kisha ongeza nusu yake.

Kabla ya kulipa, muombe muuzaji aiwashe, kisha uitikise na kuigonga kiganjani. Ikikatika hapo dukani, kwenye barabara ya mawe itakatika mara mia. Angalia kifuniko cha tundu la kuchajia kama kinabana, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba hazimuulizi mtu. Alama ya IPX4 maana yake inastahimili kurushiwa maji kutoka pande zote, na hiyo inatosha. Chagua yenye tundu la chaji linalofanana na la simu yako, ili waya mmoja uhudumie vyote, hasa kama unalipia chaji kwenye kibanda. Kwa anayekaa mbali na umeme, taa ya betri kavu za kawaida bado ni chaguo la busara, kwani betri hizo zinapatikana karibu kila duka la kijijini. Zile za vidonge bapa ziepuke, maana zikiisha ukiwa mbali na mji hutazipata.

Dainamo la chupa, lile linalozungushwa na tairi ili kuwasha taa, ukilikuta kwenye baiskeli ya zamani usilitupe. Lina udhaifu wake: ukisimama taa inazima, na tope likishika tairi linateleza. Tena mengi huwasha balbu mbili kwa pamoja, kwa hiyo ya nyuma ikiungua, umeme wote unakimbilia ya mbele, na kwenye mteremko nayo inaungua. Beba balbu ya akiba.

Kufunga taa ya mbele kuna kikwazo kimoja kwenye baiskeli zetu za breki za vyuma: fimbo za breki zinapita chini ya usukani, na kibanio cha plastiki hakipati nafasi. Ukilazimisha, breki itakwama. Tazama pale juu ya shingo ya fremu, mbele kabisa. Nyingi zina kipande cha chuma kilichowekwa maalumu kwa taa, na watu hukitumia kutundikia mfuko. Kama hakipo, funga tochi juu ya usukani, mbali na fimbo. Zungushia kwanza kipande cha tyubu kuukuu kwenye chuma, weka tochi, kisha kaza kwa mkanda mwingine wa tyubu kwa mtindo wa msalaba. Tyubu inameza mtikisiko kuliko waya au kamba ya plastiki, na tochi haizunguki.

Halafu ielekeze. Simamisha baiskeli hatua kumi kutoka ukutani ukiwa umekaa kwenye kiti, na katikati ya mwanga pawe chini ya kimo cha taa yenyewe. Ikimulika juu zaidi unampofusha anayekuja, na aliyepofushwa anaweza kukugonga wewe. Kabale na kwenye ukungu wa milimani ishushe zaidi, la sivyo mwanga unagonga ukungu na kukurudia usoni. Masaka msimu wa senene kuna jambo jingine: ukishapita zile taa kali za mitego, macho huchukua muda kuzoea giza tena, hivyo punguza mwendo hata kama taa yako ni nzuri.

Jaribio la mwisho lifanyike nyumbani. Pakia mzigo wako wa kawaida, vaa koti la mvua, washa taa zote, kisha mwombe mtu asimame hatua mia moja nyuma yako. Asipoiona nyekundu, ondoa kinachoziba au hamisha taa. Fikiria na wizi: taa ya kufungwa kwa nati inabaki salama kiasi unapoingia sokoni, lakini ya mkanda ing'oe uingie nayo.

Na taa ya nyuma ikizima katikati ya safari, usiendelee kwa matumaini. Toka kwenye lami, tembea pembezoni ukikokota baiskeli upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja, na tochi ya simu iwe mkononi ikimulika chini miguuni pako mpaka ufike penye duka au mwanga.