Kuvusha maharage Namanga kwa cheti chako mwenyewe

Mama anayetoa maharage Arusha kwenda Kenya hahitaji wakala wa forodha kama thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani. Huo ndio utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tuseme kilo ni shilingi 2,500 na dola ni shilingi 2,500: mwisho wako ni kilo 2,000, magunia 20 ya kilo mia. Piga hesabu kwa bei ya siku hiyo, kabla ya kupakia.

Usitafute gari kwanza, tafuta vibali. Mnunuzi wako aombe KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kibali cha kuingiza mazao Kenya. Ukishapata nakala, nenda TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Tanzania, mzigo ukaguliwe upewe cheti cha afya ya mimea. Anayeanza na gari hujikuta mzigo umelala mpakani na dereva anadai pesa ya kusubiri. Maharage yenye wadudu hai hayapiti, hivyo yaanike, yapepete na kuyachambua mapema. Rumbesa usifunge: uzito ukizidi ulioandika, thamani nayo inatiliwa shaka. Patana na mnunuzi kwa kilo, maana gunia la Kenya mara nyingi ni kilo 90.

Namanga ni kituo cha pamoja cha mpaka wa Tanzania na Kenya. Ukitoka Tanzania unahudumiwa jengo la upande wa Kenya, na maofisa wa nchi zote mbili wamo humo. Beba pasipoti au hati ya kusafiria ya muda, pamoja na risiti za manunuzi. Omba cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, ujaze jina lako, aina ya bidhaa, kiasi na thamani, kisha ofisa wa forodha asaini na kugonga muhuri. Cheti chenyewe hakilipiwi. Kinakuondolea ushuru wa forodha tu. Ada za ukaguzi ziko palepale. Vitenge vya China havikipati hata vikiwa vya dola 50, kwa sababu havikutengenezwa ndani ya Jumuiya.

Mnaochangia Fuso, kila mmoja awe na cheti na risiti zake, na magunia yake ayawekee alama ya rangi. Dereva akiandikisha yote kwa jina moja, mzigo unavuka dola 2,000 na hapo wakala ni lazima. Kugawa mzigo wa mtu mmoja kwa majina ya wenzake ni kosa.

Njia ya panya inaonekana ya mkato, lakini huko mwanamke akinyang'anywa mzigo au akidaiwa rushwa ya ngono hana karatasi ya kumtetea. Kituoni, kila malipo dai risiti. Ofisa akikusumbua, andika jina lake, saa na dirisha alilokaa, kisha mwone msimamizi wa zamu ukiwa na mwenzako mmoja wa kushuhudia.