Kupiga msasa kwa mashine ya mkanda bila kuchimba mabonde

Hapa tunazungumzia mashine ya mkononi yenye mkanda wa milimita 75 kwa 533, kwenye uso wa meza ya mninga uliounganishwa kwa gundi.

1. Ng'oa misumari, kwangua gundi kavu kwa patasi, kisha bana mbao vizuri. Msumari mmoja unachana mkanda, na cheche yake ikiingia kwenye mfuko wa vumbi huwa moto.

2. Chomoa plagi ndipo uvishe mkanda. Mshale wa ndani ya mkanda ufuate ule wa kwenye mashine. Chomeka, washa ukiwa umeinyanyua, zungusha kirekebishio hadi mkanda ukae katikati ya rola. Unyevu wa pwani yetu, kuanzia Lindi hadi Mikindani, hulegeza kiungo cha mkanda, kwa hiyo nunua michache michache. Itundike kwenye kipande cha bomba la plastiki la inchi 4. Ukiitundika kwenye msumari inapata kunjo, na kunjo hilo litagonga mbao kila mzunguko.

3. Vaa barakoa ya N95, miwani na vizuia kelele. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini. Vumbi la mbao limetajwa tangu 1995 na wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa kisababishi cha saratani, na la mpingo huwasha ngozi pia. Mwaga mfuko ukifika nusu.

4. Hapa ndipo meza nyingi huharibika. Anza na mkanda wa namba 80, kisha 120 (namba ndogo ina chembe kubwa zaidi). Namba 40 iache kwa milango ya kuondoa rangi kuukuu. Kwenye mninga inaacha mikwaruzo utakayoifukuza siku nzima. Chora mistari ya penseli uso mzima. Ishushe mashine ikiwa tayari inazunguka, inyanyue kabla ya kuizima, na isisimame mahali pamoja hata sekunde moja. Fuata nyuzi za mbao, kila njia ilalie nusu ya iliyotangulia. Usikandamize: uzito wa mashine unatosha, na mkandamizo hupasha mkanda joto, utomvu ukayeyuka na kuuziba. Ukifika ukingoni, theluthi moja tu ya bamba la chini itokeze nje. Ikizidi, mashine inainama na kona inakuwa duara. Penseli ikifutika kote kwa pamoja, uso umelingana. Ikibaki alama sehemu moja, hilo ni bonde: usisugue hapo peke yake, maana utalichimba zaidi. Shusha eneo lote linalolizunguka, weka rula ya chuma, mulika taa kwa upande uone mwanga unapopenya.

5. Namba 180 piga kwa mkono, msasa ukiwa umezungushwa kwenye kipande cha mbao. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha ikauke, kata nyuzi zilizosimama kwa 180 ileile, ndipo upake vanishi.